Barabara Tulivu Chini ya Muhabura

Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga. Na ingawa wao hawakuwa na baiskeli, walisema neno linalomhusu mpanda baiskeli kuliko mtu mwingine yeyote. Jambo hilo huthibitika upesi katika Wilaya ya Kisoro, pembe ya kusini-magharibi ya Uganda, ambako barabara hupanda na kushuka baina ya milima ya volkeno, maziwa na mashamba ya viazi.

Askari wengi wanaifahamu nchi hiyo, ambayo wenyeji huiita Bufumbira, kutoka juu ya lori tu. Wamepita usiku wakiwa wamebanana kwenye mabenchi, na mlima Muhabura wameuona kama kivuli kilichoziba nyota. Wachache ndio waliopata kuipita kwa mwendo wa pedali, asubuhi, pamoja na watoto wao. Hao wachache hurudi kambini wakiwa na habari tofauti kabisa.

Mmoja wao ni sajini wa jeshi, mzaliwa wa Teso, ambaye mkewe hufundisha shule ya msingi karibu na mji wa Kisoro. Alitumikia mwaka mzima Somalia, ambako Uganda ilianza kupeleka askari mwaka 2007. Aliporudi kwa likizo ya siku thelathini alimkuta binti yake mkubwa, mwenye umri wa miaka 13, amerefuka hadi kumfikia begani, amekuwa mtu wa maneno machache, na amejua kuendesha baiskeli ya mama yake. Sajini hakupendezwa. Katika kijiji alichokulia, wasichana walikaa kwenye keria, hawakushika usukani.

"Baba watoto," mkewe alimwambia jioni ya tatu, watoto wakiwa wamelala, "Septemba 2025 dunia nzima ilikuja Kigali, hapo jirani, kwa mashindano ya baiskeli, mara ya kwanza kufanyika katika Afrika. Wanawake wa mataifa mengi walishindana, na hakuna aliyewaambia wakae kwenye keria. Binti yako amekujua mwaka mzima kwa simu tu. Usianze kwa kumkataza. Azima baiskeli, mwende pamoja."

Sajini aliazima baiskeli kwa jirani. Ilikuwa ile nyeusi, nzito, ya kubebea mizigo. Binti alichukua ya mama.

NCHI ILIYOJENGWA NA MOTO

Atakaye kuielewa barabara ya Bufumbira hana budi kuielewa kwanza ardhi iliyo chini yake. Milima mikuu ya Virunga ni minane, nayo imetandaa katika mipaka ya Uganda, Rwanda na Kongo. Mitatu kati yake inagusa Uganda. Muhabura una mita 4,127, na jina lake maana yake ni kiongozi wa njia, kwa kuwa huonekana kutoka mbali na msafiri hujipimia mwelekeo kwa kuutazama. Mgahinga, unaokaribia mita 3,500, umepewa jina la chungu ya mawe, kama yale ambayo mkulima huyakusanya shambani. Sabinyo, wenye vilele vilivyochongoka na kupungua, huitwa mzee wa meno, na juu yake ndipo mipaka ya nchi zote tatu inapokutana.

Milima hiyo mitatu imetulia. Moto ungalipo upande wa magharibi, katika Nyamulagira na Nyiragongo, nchini Kongo. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipasuka, na mto wa mawe yaliyoyeyuka ukafika viungani mwa mji wa Goma. Zamani za kale moto wa namna hiyo ndio ulioumba sura ya nchi yote. Ulimwagika mabondeni, ukapoa, ukaziba mito. Maji yaliyokosa pa kupita yakawa maziwa: Mutanda, Mulehe, na Bunyonyi upande wa Kabale. Hata Ziwa Kivu, ambalo hapo kale maji yake yalielekea kaskazini, lilizibiwa njia na milima hiyo, na tangu hapo humwaga maji yake kusini kwa Mto Ruzizi.

Urithi wa moto huo ni wa namna mbili. Wa kwanza ni rutuba: udongo mweusi unaoipa Kisoro viazi, maharagwe na mtama kutoka bondeni hadi juu ya vilima. Wa pili ni mawe. Yako kila mahali, meusi, yenye matundu kama sifongo; wakulima huyaokota na kuyapanga kuwa kuta za mashamba. Matundu hayo ndiyo yenye neno. Mvua hunyesha kwa wingi, lakini maji hayakai juu ya ardhi. Huzama katika mawe na kupotea. Ndiyo maana mtu aweza kusafiri muda mrefu chini ya Muhabura asivuke kijito hata kimoja, naye akakutana na makumi ya wanawake na watoto wenye jerikani za njano.

NJIA NNE ZA ASUBUHI

Barabara kuu ya lami inayotoka Kabale, karibu kilomita 80 za kona na miinuko, ndiyo inayopitisha mabasi na malori hadi Kisoro, na kutoka hapo kwenda vituo vya mpakani vya Bunagana na Chanika. Hiyo si ya mtoto na baiskeli. Utulivu uko kwenye njia za udongo na mawe zinazochepuka pande zote.

Njia ya kwanza, inayoifaa familia yenye watoto, hutoka mjini kuelekea kaskazini hadi ukingo wa Ziwa Mutanda. Ni kilomita chache tu, lakini miinuko yake hudai heshima. Msafiri akikifika kilima cha mwisho, huliona ziwa lote chini yake, lenye visiwa na ghuba nyingi, na akigeuka nyuma huiona milima mitatu imejipanga kama askari kwenye gwaride. Maji ya Mutanda hutoka kwa Mto Rutshuru, huingia Ziwa Edward, kisha kwa Semliki na Ziwa Albert huungana na safari ya Mto Naili.

Katika njia hiyo sajini alipata fundisho lake la kwanza. Mogadishu ni mji wa pwani. Kisoro iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ni pungufu kwa kiasi cha sehemu moja katika tano. Kifua kilichozoea kukimbia na begi mgongoni kilianza kulia kama mvukuto. Binti alikuwa juu ya kilima, ameketi ukutani, akimngoja. Hakucheka. Alimwambia tu, "Hapa tunashuka tunasukuma, Baba. Kila mtu husukuma." Sajini alijibu kwamba yeye hasukumi baiskeli, akapanda, na alipofika juu hakuweza kusema kwa dakika tano.

Njia ya pili huelekea mashariki ya Mutanda, kulifuata Ziwa Mulehe, dogo zaidi, ambalo maji yake huingia Mutanda. Ni safari ya nusu siku. Hupita kati ya vijiji na mashamba, na kivuli cha mikalitusi hupatikana hapa na pale. Ataipenda mtu anayetaka kunyamaza.

Njia ya tatu huzunguka upande wa mashariki wa Muhabura hadi maziwa pacha ya Chahafi na Kayumbu. Haina miinuko mikali kama ile ya kaskazini. Vinamasi vilivyo kando ya maziwa hayo huwavutia korongo wenye taji, ndege wa bendera ya Uganda. Msomaji aliye askari atafurahi kujua kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Rwanda ilipokuwa chini ya Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji walijichimbia mahandaki huko Chahafi kuwakabili. Leo mahali hapo huvuliwa samaki na kulimwa viazi.

Njia ya nne ndiyo ngumu. Hupanda kutoka mjini hadi Ntebeko, lango la Hifadhi ya Taifa ya Mgahinga, iliyotangazwa mwaka 1991 kwa ajili ya sokwe wa milimani. Ni takriban kilomita 14 za mawe matupu, mwinuko karibu mwanzo hadi mwisho. Karibu na lango hifadhi imezungushiwa ukuta wa mawe ya volkeno kuwazuia nyati wasishukie mashamba. Baiskeli huishia hapo. Ndani huingia mwenye kibali na mwongozaji.

JERIKANI ILIYOPASUKA

Ilikuwa wiki ya pili ya Julai, kiangazi, njia zikiwa kavu. Sajini na binti yake walikuwa wamekwenda Ntebeko, wakala viazi na mayai waliyofungiwa na mama, wakapumzika, na sasa walikuwa wakirudi. Kupanda kulikuwa kumemwonea sajini. Katika kushuka aliiona nafasi yake.

"Nifuate," alisema. "Usishike breki ovyo. Mwendo ndio unaoishikilia baiskeli isianguke."

Neno hilo ni kweli katika tambarare za Teso, mahali ambapo mtu akiacha kukanyaga pedali baiskeli husimama yenyewe. Juu ya mawe ya Mgahinga ni neno la hatari. Binti alimtazama baba yake, akataka kusema jambo, akanyamaza. Kwa maana mtoto aliyelelewa vema haamrishi mzazi wake. Wakaondoka.

Katika kona ya tatu walikuwapo wanawake watatu na watoto wanne wakipandisha maji. Sajini alipita kwa shida. Binti alishika breki ya nyuma, na breki haikushika, kwa sababu raba zake zilikuwa zimekwisha. Alichagua ukuta badala ya watu. Gurudumu la mbele lilijipinda, mkono wake ulichubuka kuanzia kiwiko hadi kiganja, na jerikani moja iliyokuwa imewekwa kando ya ukuta ilipasuka.

Sajini alirudi mbio huku akipiga kelele. Alimwuliza mtoto macho yake yalikuwa wapi. Alimwuliza kwa nini hakusema kwamba breki ni mbovu. Binti hakujibu, wala hakulia. Alikuwa akiangalia chini, na baba yake naye akaangalia pale alipoangalia. Lita 20 za maji zilikuwa zikitoweka. Hazikutiririka njiani, wala hazikufanya tope. Mawe yaliyanywa maji yote, na kwa muda usiofika dakika moja palibaki alama nyeusi tu juu ya vumbi.

Mwenye jerikani alikuwa mama wa makamo. Hakupayuka. Aliuangalia kwanza mkono wa mtoto, akaufunga kwa kipande cha kitambaa chake, ndipo akasema kwa utaratibu kwamba alikuwa ametoka nyumbani alfajiri.

Pale ndipo sajini alipoelewa kosa lilikuwa la nani. Aliyetoa amri ni yeye, na aliyepaswa kuikagua baiskeli kabla ya safari ni yeye. Kazini asingemruhusu dereva kuondoa gari ambalo breki zake hazijakaguliwa. Akavua kofia.

"Mama, utusamehe," alisema. "Nyumba hii ya maji nimeivunja mimi, si mtoto." Kisha akamgeukia binti yake, mbele ya watu wote, akasema, "Nawe pia unisamehe, mwanangu. Ulikuwa na neno, nami sikukupa nafasi ya kulisema."

Wakaacha baiskeli iliyopinda. Mama yule aliwapa jerikani nyingine ya kuazima, na baba na binti wakashuka kwa miguu hadi bomba la kijiji, wakisukuma ile baiskeli nyeusi. Foleni ilikuwa ndefu. Walingoja zaidi ya saa moja, sajini akiwa mwanamume pekee aliye mtu mzima katika mstari ule. Zamu yao ilipofika, alitaka kuifunga jerikani juu ya keria kama anavyofunga begi lake. Binti alimwonyesha kwamba hapana: kamba hupitishwa kwanza chini ya fremu, na mzigo hulazwa, usisimamishwe, usije ukaivuta baiskeli ubavuni wakati wa kupanda. Alikuwa amejifunza hayo katika mwaka ule ambao baba hakuwapo. Njia nzima ya kupanda alieleza mengi mengine, nani huteka maji saa ngapi, na mwalimu gani mkali, na kwa nini mama alinunua baiskeli. Sajini alisukuma na kusikiliza.

Siku ya pili yake alipeleka jerikani mpya.

MAMBO YA KUANGALIA

Mkasa huo una mafunzo ya kutosha kwa kila nyumba itakayotaka kufuata njia hizo.

Kwanza ni breki. Zikaguliwe zote mbili, raba na waya, kabla ya baiskeli kutoka nyumbani. Mtu akibonyeza kishikio kikafika hadi usukani, baiskeli hiyo haifai kwa mlima. Katika mteremko mrefu breki zishikwe na kuachiwa, kushikwa na kuachiwa, wala zisibanwe mfululizo, maana rimu hupata moto na raba huteleza. Mwendo upunguzwe kabla ya kona, si ndani ya kona. Aliye dhaifu zaidi ndiye atangulie wakati wa kushuka, na mwenye nguvu afuate nyuma yake. Hivyo mwendo wa wote huwa mwendo wa mnyonge.

Pili ni matairi. Mawe ya volkeno hukata. Tairi lililolika lisiende Ntebeko. Pampu, viraka, gundi na tyubu moja ya akiba havina uzito mkubwa, na fundi huwa mbali siku anapohitajika.

Tatu ni chakula na maji. Viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, mayai, ndizi na chupa ya uji au bushera vyatosha kwa asubuhi nzima. Maji ya kunywa yachukuliwe kutoka nyumbani, lita mbili kwa kila mtu. Si haki mgeni aliyekuja kujiburudisha kuomba maji katika nyumba ambayo mtoto wake ameyabeba kutoka bondeni.

Nne ni majira. Mvua kubwa huanzia Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Udongo hugeuka utelezi na ukungu hufunika kona. Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, na tena kuanzia Desemba hadi Februari. Lakini msafiri akumbuke kwamba msimu ulio mwepesi kwa baiskeli ndio ulio mzito kwa maji. Ukavu unaomfurahisha yeye ndio unaorefusha safari ya mama mwenye jerikani. Kwa hiyo njia inapokuwa nyembamba, mwenye baiskeli ndiye ashuke na kupisha.

Tano ni mpaka. Bufumbira imepakana na nchi mbili, na hali ya upande wa pili haifanani kila mwaka. Juni 2022 mapigano ya Bunagana yaliwafanya maelfu ya watu wa Kongo kukimbilia Kisoro. Familia iulize kituo cha polisi kilicho karibu kabla ya kuondoka, ichukue vitambulisho, isifuate njia za panya, na imsalimu mwenyekiti wa kijiji inakopita. Askari aliye likizoni ni raia mgeni kama wageni wengine. Cheo chake hakimpi ruhusa ya kupita pasipopitwa.

Sita, na la mwisho, ni salamu. Barabara tulivu si barabara isiyo na wenyewe. Ni tulivu kwa sababu wanaoitumia hawana injini. Kengele ipigwe mapema, kwa upole, na mtu asalimiwe kabla hajafikiwa.

Sajini alibakiwa na siku kumi na sita za likizo. Gurudumu lilinyoshwa na fundi wa sokoni, spoku tatu zikabadilishwa, na raba mpya zikafungwa katika breki zote nne za baiskeli zote mbili. Walikwenda Chahafi mara moja na Mulehe mara mbili. Safari ya mwisho mama alikuwa pamoja nao, wakipokezana baiskeli. Katika kila mteremko binti alitangulia. Kila asubuhi kabla ya kuondoka, yeye ndiye aliyezikagua breki, na sajini alisimama kando akingoja aambiwe kwamba ziko tayari.